Nimwagilie leo au nisubiri? Vipimo vya unyevu kwenye udongo wa kichanga

Kila kiangazi, swali linalotufikia zaidi kutoka Ilula ni fupi: "Juzi nimemwagilia nyanya, leo juu pamekauka. Nimwagilie tena au nisubiri?" Hewani huwa tunapata dakika chache tu za kulijibu. Hapa kwenye ukurasa tuna nafasi ya kutosha, kwa hiyo tumekusanya vipimo vyote tunavyovifahamu, kuanzia kiganja cha mkono hadi vifaa vya umeme, tukavilinganisha kwa jicho la mkulima mwenye shamba la kichanga.

Swali hilo lina pesa ndani yake. Anayechelewa kumwagilia hupoteza maua na matunda. Anayemwagilia kwa kushtukiza, leo mafuriko na kesho ukame, huona nyanya zikioza kitako, kwa sababu chokaa hupanda kwenye tunda pamoja na maji, na maji yakikatika, chokaa nayo hukatika. Anayemwagilia kupita kiasi huchoma mafuta ya pampu bure, na mbolea aliyoinunua kwa shida huizamisha chini ya mizizi. Ukienda kuhesabu matenga mwisho wa msimu, makosa yote matatu yanaonekana.

KWA NINI KICHANGA NI KESI TOFAUTI

Wenye vinyungu mabondeni wanajua kwamba udongo mweusi wa bondeni hukaa na maji siku nyingi. Ukipanda juu kidogo kwenye kichanga, mambo hubadilika. Chembe za mchanga ni kubwa na nafasi kati yake ni kubwa, hivyo maji hupita haraka na kubaki machache.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linatoa makadirio haya ya maji ambayo mmea unaweza kuyatumia katika kina cha mita moja ya udongo:

- Kichanga: milimita 25 hadi 100
- Tifutifu: milimita 100 hadi 175
- Mfinyanzi: milimita 175 hadi 250

Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue kichanga chenye milimita 60 kwa mita, na nyanya zilizokomaa ambazo mizizi yake mingi iko ndani ya sentimita 60 za juu. Hapo akiba ni milimita 36. Nyanya haipaswi kuachwa imalize akiba yote. Inashauriwa umwagilie ikishatumia kama asilimia 40, yaani milimita 14 hivi. Kama kwa siku ya jua kali mimea inatumia milimita 5, utamwagilia baada ya siku mbili hadi tatu.

Sasa weka mfinyanzi wenye milimita 200 kwa mita. Akiba ni milimita 120, asilimia 40 yake ni milimita 48, na hiyo ni siku tisa. Ndiyo maana ushauri wa jirani mwenye udongo mzito, hata kama ni mkulima hodari, unaweza kukuharibia shamba lako.

Kitunguu ni kigumu zaidi. Mizizi yake ni mifupi, tuseme sentimita 30, na hakivumilii kiu. Kikishatumia asilimia 30 ya akiba kinahitaji maji. Kwenye kichanga kilekile hiyo ni milimita 5 na ushee, yaani maji ya siku moja tu wakati wa jua kali. Miche ya nyanya iliyohamishwa jana nayo iko hivyohivyo: mizizi yake ni mifupi, kwa hiyo inataka kidogo kidogo na mara kwa mara.

Tazama na upande wa pili. Udongo wenye nafasi ya milimita 14 ukimiminiwa milimita 40, milimita 26 zinashuka chini ya mizizi. Ekari moja ina mita za mraba 4,000 hivi, kwa hiyo umesukuma zaidi ya lita 100,000 ambazo mmea hautazigusa, na naitreti ya mbolea yako imeondoka nazo. Kwenye kichanga, kwa hiyo, makosa ya pande zote mbili yapo karibu sana. Hapo ndipo kipimo kinapolipa.

KIASI NA MVUTO

Kabla ya kununua chochote, elewa kwamba vifaa hivi vimegawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza hupima kiasi: ndani ya udongo huu kuna maji asilimia ngapi. Kwa kichanga, udongo ulioshiba na kumaliza kujichuja huwa na asilimia 7 hadi 17 ya maji kwa ujazo, na mmea hunyauka kabisa yakibaki asilimia 2 hadi 7. Ona jinsi nafasi ilivyo nyembamba. Kifaa kinachokosea kwa asilimia 4 kwenye mfinyanzi kinavumilika. Kwenye kichanga kosa hilo linaweza kuwa nusu ya akiba yako yote.

Kundi la pili hupima mvuto: mzizi unahitaji nguvu kiasi gani kuyanyonya maji yaliyopo. Kipimo chake ni kilopaskali. Udongo ukiwa umelowa chepechepe, namba ni sifuri. Kadiri unavyokauka, maji hung'ang'ania chembe za udongo na namba hupanda. Uzuri wa mvuto ni kwamba unaongea lugha ya mzizi: kilopaskali 20 ni kazi ileile kwa mzizi, uwe kwenye kichanga au mfinyanzi. Tofauti ni muda uliobaki. Kwenye kichanga, maji mengi yanayofaa huwa yamekwisha kabla hata namba haijafika 50, na kutoka 20 kwenda 50 si safari ndefu.

Twende sasa kwenye vifaa vyenyewe.

1. KIGANJA NA JEMBE

Hiki hakina bei. Chimba hadi kwenye mizizi, sentimita 20 kisha 40, chukua udongo, ufinyange kwenye kiganja. Kichanga kilichoshiba na kujichuja hufanya donge dhaifu na kuacha alama ya ubichi mkononi, bila kutoa tone la maji. Donge likivunjika mara tu unapofungua vidole, na kiganja kikabaki kikavu, wakati wa kumwagilia umefika au umepita.

Kosa kubwa ni kupima juu. Kichanga hukauka juu ndani ya saa chache, na ngozi hiyo kavu hufunika udongo wenye maji chini yake. Wengi wanaomwagilia kila siku bila sababu wamedanganywa na sentimita tano za juu.

Udhaifu wake: hutoa makadirio tu, na hutegemea mkono wa mtu. Ila hata ukiwa na kifaa cha bei, kiganja kiendelee kuwa shahidi wa pili.

2. MIZANI NA KIKAANGIO

Hii ndiyo njia ambayo wataalamu hutumia kuhakiki vifaa vingine vyote. Maabara hukausha udongo kwenye tanuri la nyuzi joto 105 kwa saa 24. Nyumbani unaweza kuikaribia kwa mizani ndogo ya jikoni na kikaangio.

Chukua udongo wa kwenye mizizi, ufunge kwenye mfuko wa plastiki usipoteze unyevu. Pima uzito. Kausha kwenye kikaangio kwa moto mdogo huku ukikoroga, hadi kioo kikavu ukikishika juu yake kisipate mvuke. Uache upoe, pima tena.

Mfano: ulikuwa gramu 540, umebaki gramu 500. Maji ni gramu 40. Gawanya 40 kwa 500, unapata asilimia 8 kwa uzito. Kwa kichanga, zidisha kwa 1.5 kupata ujazo: asilimia 12. Maana yake ni kwamba kila sentimita 10 za udongo huo zina milimita 12 za maji.

Udhaifu wake: kazi ni nyingi, na kila kipimo ni shimo jipya. Usikitegemee kila siku. Kitumie mara mbili: siku moja baada ya umwagiliaji mzito, ili ujue shamba lako likishiba linakuwa na kiasi gani, na tena siku mimea inapoanza kulegea asubuhi. Namba hizo mbili ni mali yako kwa miaka mingi.

3. KIPIMO CHA MIGUU MIWILI CHA DUKANI

Wengi wenu mmekiona: kina vijiti viwili vya chuma, mshale na rangi, mara nyingine hakina hata betri. Ni rahisi, na ndiyo sababu tunaulizwa habari zake mara kwa mara.

Tulikijaribu wenyewe. Tulichukua ndoo mbili za mchanga uleule mkavu, tukatia maji kipimo kilekile, ila ndoo moja tukaiongezea kijiko cha chumvi. Mshale ulisema ndoo ya chumvi imelowa sana na ile nyingine ina unyevu wa wastani, ilhali maji yalikuwa sawasawa. Kifaa hicho husoma jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme. Mbolea za viwandani nazo ni chumvi. Kwa hiyo shamba lililowekwa mbolea jana linaweza kuonekana limeshiba huku lina kiu.

Kwenye kichanga kuna tatizo la pili: chembe kubwa hazikumbatii vijiti vizuri, hewa huingia katikati, na mshale hushuka. Kwenye chungu cha maua sawa. Kwa ekari ya nyanya, hatukishauri.

4. TENSIOMITA

Ni bomba lililojazwa maji, chini lina kikombe cha kauri chenye vitundu vidogo mno, juu lina saa ya kupimia mvuto. Udongo ukikauka huvuta maji kupitia kauri, na saa huonyesha nguvu ya uvutaji huo. Hakihitaji betri, na chumvi ya mbolea haikisumbui.

Kwa kichanga hiki ni chombo kizuri, kwa sababu eneo lake la usomaji ndilo eneo ambalo kichanga huweka maji yake mengi. Kwa mboga kwenye kichanga, mshale ukikaribia 20 hadi 25 kwenye kina cha mizizi, anza kumwagilia. Ukisubiri 50 au 60 kama wa udongo mzito, umechelewa.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Vitabu husema tensiomita husoma hadi kilopaskali 80 au 85. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na unapoteza takriban kilopaskali 10 kwa kila mita 1,000. Mji wa Iringa uko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo huku kwetu kifaa hufika mwisho karibu na 70. Baada ya hapo hewa huingia ndani ya bomba, mshale huanguka kuelekea sifuri, na asiyejua husema "udongo umelowa". Ukiona sifuri kwenye shamba kavu, angalia maji ya bomba kwanza.

Udhaifu wake: hutaka kutazamwa kila siku au mbili na kuongezewa maji. Kwenye mchanga mkubwa kikombe kinaweza kukosa mgusano na udongo. Na ng'ombe akipita, kauri huvunjika.

5. VIHISIO VYA JASI

Hiki ni kipande cha jasi, au mchanganyiko wa chembe maalumu, chenye nyaya mbili ndani. Unakifukia, unaacha nyaya juu, unasoma kwa kifaa cha mkononi. Kikinyonya maji umeme hupita kirahisi. Kikikauka umeme hupata shida. Aina iitwayo Watermark ndiyo inayofahamika zaidi duniani, na husoma hadi kilopaskali 200 au zaidi.

Eneo hilo pana ni faida kwa udongo mzito. Kwa kichanga faida hiyo ni ndogo, kwa sababu hadithi yote inaishia mapema. Chini ya kilopaskali 10 vihisio hivi havitofautishi vizuri, na kwenye mchanga mkubwa hujibu taratibu: udongo umeshakauka, chenyewe bado kina maji tumboni. Jasi tupu pia huyeyuka polepole, na baada ya misimu michache inabidi kubadilisha. Ubora wake ni kwamba hahitaji kujazwa maji wala kutazamwa kila siku.

6. CHAMELEON, KINYONGA WA RANGI TATU

Jina ni la Kiingereza na maana yake ni kinyonga. Kilibuniwa na watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la taifa la Australia. Vihisio vitatu au zaidi hufukiwa kwenye vina tofauti, na kisomeo huwasha taa moja kwa kila kina:

- Bluu: chini ya kilopaskali 20, maji yapo
- Kijani: kati ya 20 na 50, yanapungua
- Nyekundu: zaidi ya 50, mmea una kazi kubwa

Hakuna namba ya kukariri, na asiyesoma anaelewa kama anayesoma. Tena unaona picha ya udongo kuanzia juu hadi chini kwa mara moja. Juu nyekundu na chini bluu: mizizi bado ina pa kunywea. Bluu juu hadi chini wiki nzima: unamwaga pesa.

Kwa mwenye kichanga tuna onyo moja. Rangi zina maana ileile kwenye kila udongo, lakini akiba iliyobaki nyuma ya rangi si sawa. Kijani kwenye mfinyanzi kinaweza kukuachia siku kadhaa za kupanga foleni ya maji. Kijani kwenye kichanga kinasema andaa pampu. Usisubiri nyekundu kwenye kina cha mizizi mingi.

7. FULLSTOP, KENGELE YA MAJI YALIYOFIKA

Hiki nacho kinatoka kwa watafiti haohao, akiwemo Richard Stirzaker. Ni kama faneli iliyofukiwa. Maji yakishuka hadi hapo hukusanyika ndani, na kidude chekundu huinuka juu ya ardhi. Hakipimi udongo una maji kiasi gani. Hukujulisha kwamba maji yamefika kina fulani.

Kwa kichanga swali hilo lina thamani kubwa, maana adui yetu ni maji yanayopitiliza. Weka viwili: kimoja katikati ya mizizi, kingine chini ya mizizi. Cha juu kikiinuka, funga maji. Cha chini kikiinuka kila mara, unazamisha mbolea. Na maji yaliyobaki ndani unaweza kuyavuta kwa bomba la sindano ukayapima chumvi au naitreti kwa karatasi za rangi.

Udhaifu wake: mteremko dhaifu wa maji unaweza kupita bila kukiinua, na kuchimba shimo lake huvuruga udongo, hivyo huchukua muda kuzoeana na shamba. Kumbuka pia kwamba kwenye kichanga maji huendelea kushuka baada ya kufunga bomba. Kidude cha juu kikishainuka, usiongeze "kidogo cha mwisho".

8. VIFAA VYA WATAFITI

Vipo vihisio vya umeme vinavyosoma asilimia ya maji papo hapo na kutuma taarifa hadi kwenye simu. Vizuri vyake hufanya kazi nzuri kwenye kichanga kisicho na chumvi nyingi, mradi vimerekebishwa kwa udongo wa hapohapo na hakuna uwazi wa hewa pembeni. Kwa wenye mashamba makubwa ya matone vinafaa. Kwa robo ekari, gharama haijirudishi haraka.

Kipo pia kipimo cha nyutroni, kinachotumia mionzi. Ni sahihi sana, ila kukimiliki kunahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tunakitaja ili ukikiona kwenye shamba la utafiti ujue ni nini, na usikiguse.

TULICHOJIFUNZA KIWERE NA MAGOZI

Hatuzungumzii vitu vya mbali. Kuanzia mwaka 2013, mradi uliofadhiliwa na Kituo cha Australia cha Utafiti wa Kilimo wa Kimataifa ulipeleka Chameleon na FullStop kwa wakulima wadogo wa Msumbiji, Zimbabwe na Tanzania. Kwetu zilichaguliwa skimu mbili za Wilaya ya Iringa: Kiwere, wanakolima mboga na mahindi, na Magozi kule Pawaga kwenye mpunga. Chuo Kikuu cha Ardhi kilikuwa mshirika wa Tanzania.

Wakulima walipoanza kusoma rangi, wengi waligundua kwamba walikuwa wakimwagilia mara nyingi kuliko mazao yalivyotaka, na karatasi za naitreti zikawaonyesha mbolea ikishuka chini. Waliopunguza zamu za maji hawakupoteza mavuno. Wengi waliona yakiongezeka. Waliokoa muda, na maji yaliyobaki kwenye mfereji yakawafikia wa mwishoni, jambo lililopunguza ugomvi wa zamu.

Somo hilo linavuka mipaka ya shamba. Ruaha Mkuu, mto unaopokea maji ya sehemu kubwa ya mkoa wetu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993. Kila lita isiyotolewa bure juu ina kazi huko chini.

Lakini usibebe idadi ya siku za Kiwere ukaipeleka Ilula. Beba tabia ya kupima. Kwenye kichanga kisichoshika maji, kipimo kinaweza kukuambia umwagilie mara nyingi zaidi kuliko sasa, ila kidogo zaidi kila mara.

JINSI YA KUFUNGA KIFAA KWENYE KICHANGA

Vifaa vingi havifeli kwa ubovu. Hufungwa vibaya.

Kwanza, loweka kihisio au kikombe cha tensiomita usiku kucha. Maji ya kujaza tensiomita yachemshwe na kupozwa ili yatoke hewa.

Pili, toboa shimo jembamba linalokaribiana na unene wa kifaa. Chukua udongo laini wa hapohapo, ukoroge na maji uwe uji mzito, umimine chini ya shimo, kisha sukuma kifaa ndani yake. Uji huo ndio unaoshikanisha kifaa na udongo. Usitumie mchanga wa ujenzi.

Tatu, shindilia taratibu kuzunguka hadi juu, uweke kichuguu kidogo ili maji yasiteleze kando ya bomba na kukudanganya.

Nne, chagua mahali pa kawaida pa shamba, kati ya mimea yenye afya, si pembeni wala kwenye dimbwi. Kwa matone, kaa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye tundu la maji. Weka vina viwili angalau. Kwa nyanya 20 na 40, kwa kitunguu 10 na 25.

Tano, weka kijiti chenye kitambaa chekundu, vinginevyo jembe la palizi litakipata.

NANI ACHUKUE NINI

Unamwagilia kwa ndoo au kopo chini ya robo ekari: kiganja na jembe vinatosha, pamoja na mizani mara mbili kwa msimu.

Una pampu na mifereji: changeni kikundi. FullStop mbili zitakuonyesha lini ufunge maji, na Chameleon au tensiomita itakuonyesha lini uanze.

Una matone: tensiomita mbili ukiwa mtu wa kutembelea shamba kila siku, Chameleon ukiwa na wasaidizi wanaobadilika.

Shamba lako lina udongo wa aina mbili: funga kifaa kwenye kila aina, na umwagilie kila upande kwa zamu yake. Kama hujui udongo wako ni wa aina gani, jaza chupa theluthi moja kwa udongo, ongeza maji, tikisa, acha itulie. Kinachozama ndani ya dakika moja ni mchanga. Ukitaka uhakika, maabara ya udongo ya TARI Uyole kule Mbeya au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupima. Afisa ugani wako atakuelekeza namna ya kuchukua sampuli.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matatu: kinapima kiasi au mvuto? Kikiharibika, kikombe, betri au waya vinapatikana wapi? Na naweza kukijaribu kwenye maji kabla ya kuondoka? Tensiomita nzima ikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji lazima irudi sifuri. Isiporudi, mrudishie.

Mwisho, nunua daftari. Andika tarehe, rangi au namba, na saa ulizomwagilia. Baada ya wiki sita utaanza kuliona shamba lako kwa namna ambayo hakuna mtangazaji anayeweza kukueleza. Siku hiyo tupigie simu kwenye kipindi, utueleze sisi.